Wagombea, tuonyesheni orodha ya mihuri yenu

Uchaguzi wa chama cha wabunifu majengo hauna mabango barabarani wala magari ya matangazo. Mkazi wa Nyakato au Mbagala hajui kama upo, na akiambiwa atauliza yeye unamhusu nini. Unamhusu sana. Ndiyo maana nimeamua kuyasema haya kwenye gazeti linalosomwa na watu wote, badala ya kuyamalizia kwenye vikao vyetu ambako tunajuana na kustahiana.

Kwanza nitenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ni chombo cha Serikali kilichowekwa kwa sheria. Ndiyo inayotusajili, na ndiyo yenye meno ya kutufungia. Chama ni chetu wenyewe: tunajiunga, tunalipa ada, tunapiga kura kuchagua viongozi na wajumbe wa kamati. Chama hakiwezi kumfutia mtu usajili. Lakini kanuni mpya zinapoandaliwa, viongozi wa chama ndio wanaoitwa kutoa maoni. Ghorofa linapoanguka, wao ndio wanaowekewa kinasa sauti mdomoni. Anayekaa kwenye kamati hiyo anaamua fani yetu ipige kelele kuhusu jambo gani, na jambo gani ilinyamazie.

Naandika kutoka Mwanza. Nina ofisi ndogo Kirumba, na kazi zangu nyingi ni nyumba za kuishi, maduka, zahanati na shule za watu binafsi. Anayeijua Mwanza anajua kwamba hapa kiwanja tambarare ni bahati. Watu wamejenga juu ya miamba na katikati ya miamba, Mabatini, Igogo, Isamilo, kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama anashangaa matofali yalifikishwaje kule juu. Yalipandishwa kwa vichwa vya watu, mengi yao. Mvua ikipiga, maji ya mlima mzima yanatafuta njia, na yakikuta ukuta wa mtu yanausukuma.

Mji wa namna hii hauruhusu kuchora nyumba bila kuona kiwanja. Mwamba unaamua msingi ukae wapi, maji yanaamua mfereji upite wapi, na choo kikikosewa mahali kinamwaga uchafu kwa jirani wa chini. Mbunifu lazima apande mlima kwa miguu yake, ashike futi, aulize majirani maji hupita wapi wakati wa masika. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mistari kwenye karatasi inakuja baadaye.

Sasa msikilize mteja aliyewahi kuingia ofisini kwangu, mzee mwenye adabu, mfanyabiashara, ramani imekunjwa kwapani.

“Mama, ramani ninayo tayari. Shida yangu ni muhuri tu. Halmashauri wamesema bila muhuri hawapokei.”

Nikaifungua. Ilikuwa nyumba nzuri ya vyumba vinne, imechorwa kwa ajili ya kiwanja kilicholala kama meza. Nikamuuliza kiwanja kiko wapi. Igogo, akasema, kule juu. Nikamuuliza mteremko ukoje.

“Mteremko fundi atajua, mama.”

Nilimweleza kwamba siwezi kuweka jina langu kwenye nyumba nisiyoijua, na kwamba niko tayari kwenda naye kiwanjani. Akashukuru, akaondoka. Haukupita muda mrefu nikasikia ramani ile imekwishapigwa muhuri na mwenzetu wa mji mwingine, bila kukanyaga Mwanza, na ujenzi umeanza. Nilipopita baadaye nikaona walichokifanya. Ukuta wa nyuma wa nyumba, wa tofali za inchi sita, ndio unaozuia udongo wa mlima. Hauna nguzo za kuutosha, hauna hata tundu moja la kutolea maji. Ndani, upande wa pili wa ukuta huo, ni chumba cha watoto.

Mwenye muhuri ule ni mwanachama mwenzangu. Ada yake imelipwa, ana haki ya kupiga kura, ana haki ya kugombea.

Biashara hii tunaijua sote. Tunajua inavyokwenda: kijana anachora kwa bei ya kutupa, au mteja anapakua ramani kwenye simu, kisha anatafutwa “mwenye muhuri”, analipwa chake, anagonga, anasaini. Halmashauri inaona muhuri halali wa mtu halali, inatoa kibali. Kila karatasi iko sawa, na hakuna mtaalamu hata mmoja aliyekiona kiwanja. Ni sawa na daktari kusaini cheti cha mgonjwa ambaye hajawahi kumgusa. Daktari akifanya hivyo tunamwita mhalifu. Sisi wabunifu tunapofanya tunasema maisha ni magumu.

Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Kisutu, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa nne likaporomoka Kariakoo, mchana kweupe watu wakiwa kwenye biashara zao, na watu wasiopungua 29 wakapoteza maisha. Kwa siku kadhaa nchi ilikaa ikisikiliza habari za waliokuwa wakiongea kutoka chini ya kifusi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Sisemi kwamba muhuri wa mbunifu ndio uliowaua watu hawa. Jengo lina mwenye mali, mhandisi, mkandarasi, mkaguzi, na kila mmoja ana sehemu yake ya kujibu. Ninachosema ni kwamba katika kila msiba wa namna hii swali la kwanza ni nani alikuwa akisimamia, na katika majengo mengi ya nchi hii jibu la kweli ni hakuna, ingawa kwenye karatasi jina lipo.

Ukisimama mbele ya soko kuu la Kariakoo, lile lenye miavuli mikubwa ya zege, ukauliza nani alilibuni, utajibiwa: Beda Amuli. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kusomea na kufanya kazi hii katika Afrika Mashariki, na alilibuni soko lile miaka ya 1970. Tulipokuwa wanafunzi, pale panapoitwa sasa Chuo Kikuu Ardhi, tulipelekwa kulitazama. Lilipata moto Julai 2021, na nililia kama aliyefiwa. Jengo lile lilikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na mtu ambaye ungeweza kumuuliza kwa nini nguzo hii iko hapa, naye angekujibu. Ni majengo mangapi ya Mwanza yaliyojengwa miaka ya karibuni ambayo unaweza kuuliza hivyo ukapata mtu wa kukujibu?

Ugonjwa huu unaanzia mbali kuliko muhuri. Kijana akihitimu chuo, hawezi kusajiliwa siku hiyohiyo. Anatakiwa afanye kazi chini ya mbunifu aliyesajiliwa, ajaze daftari lake la mafunzo, asimamiwe, kisha afanye mtihani. Ni utaratibu mzuri kabisa. Lakini binti mmoja aliyekuja kuomba nafasi kwangu alinieleza maisha ya ofisi alikotoka. Alichora usiku na mchana, akilipwa nauli tu, na nauli yenyewe kuna miezi haikutoka. Saiti hakupelekwa. Msimamizi wake alisaini daftari kwamba binti amesimamia umwagaji wa zege na ufungaji wa nondo, naye hakuwahi kuona nondo ikifungwa. Niliposikia hivyo nilielewa. Saini ya kwanza ambayo kijana huyu aliiona katika fani yake ilikuwa saini ya uongo, na imewekwa na mkubwa wake. Kesho akipata muhuri wake mwenyewe, tunategemea aupige vipi?

Wiki chache zilizopita mgombea mmoja alinipigia simu. Ni mtu mstaarabu, tulipishana chuoni.

“Dada, habari za Mwanza? Nimekukumbuka. Nagombea kamati, naomba uniunge mkono.”

Nikamuuliza ana mipango gani. Akanitajia: chama kipate jengo lake, ada zipungue, tupeleke ujumbe mkubwa zaidi kwenye mikutano ya nje, tuwe na bima ya afya ya kundi. Sidharau hata kimoja. Bima ya afya hasa, kwa sisi wenye ofisi ndogo, ingetusaidia sana. Kisha nikamwomba kitu kimoja: anitumie orodha ya miradi yote aliyoipiga muhuri kwa miaka miwili iliyopita, mahali ilipo, na mara ngapi alikwenda saiti.

Akanyamaza kidogo. “Dada, hiyo ni siri ya mteja.”

Si siri. Ramani yenye muhuri inakaa kwenye faili la halmashauri. Jina la mbunifu linatakiwa kuandikwa kwenye kibao cha mradi, nje, barabarani, kila mpita njia alisome. Sijamuuliza mteja amelipa kiasi gani wala chumba chake cha kulala kina ukubwa gani. Nimeuliza kuhusu kazi ya mgombea mwenyewe, aliyoifanya kwa jina lake. Kama orodha hiyo inampa aibu, basi bora tuijue kabla ya kumpa kiti.

Wengine watasema uchaguzi wa chama cha kitaaluma ni jambo la heshima, haufai kugeuzwa kuwa mahojiano. Nadhani wamezoea uchaguzi usio na swali. Mwaka 2022 taasisi ya wabunifu majengo ya Uingereza, RIBA, iliyoanzishwa mwaka 1834, ilimchagua Muyiwa Oki kuwa rais wake. Alikuwa na miaka 31, mzaliwa wa Nigeria, Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Hakuwa mwenye kampuni, alikuwa mwajiriwa. Nyuma yake walikuwepo wafanyakazi vijana waliochoka na saa za ziada zisizolipwa, wakaona kwamba wakisubiri wakubwa wa kampuni walizungumzie jambo hilo watasubiri hadi wazeeke. Wakatafuta mtu wao, wakampigia kampeni, akashinda. Jirani zetu wa Kenya, chama chao kilianzishwa mwaka 1967, na mwaka 2017 Emma Miloyo akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza. Nilifurahi mno siku ile. Hata hivyo, nikiwa mwanamke, sitampa mwanamke mwenzangu kura yangu kama naye hana orodha ya kunionyesha.

Kuna pingamizi moja nalichukua kwa uzito, kwa sababu linatoka kwa watu ninaoishi nao. Mwalimu wa shule ya msingi anayejenga kidogokidogo kwa mkopo hawezi kulipa ada kamili ya mbunifu. Tukifunga mlango wa mihuri ya bei poa, wanasema, atajenga bila kibali kabisa, na hali itakuwa mbaya zaidi. Ni kweli kwamba ada zetu zinawatisha watu, na ni kweli kwamba wabunifu waliosajiliwa wamerundikana Dar es Salaam huku mikoa mingine ikiwa na wachache. Lakini muhuri uliogongwa bila kuona kiwanja haumsaidii mwalimu huyo. Amelipa, hakupata kitu. Angelipa kiasi kilekile kwa mbunifu aliye karibu naye apande kiwanjani asubuhi moja, amwonyeshe mwamba uko wapi, amwambie ukuta wa kuzuia udongo usifanywe ukuta wa nyumba, angekuwa amenunua jambo la kumlinda maisha yake yote.

Hapo ndipo kamati ya chama ina kazi ya kufanya, na wala si kazi ya fedha nyingi. Ikae na halmashauri zikubaliane kwamba muhuri usipokewe bila ukurasa mmoja wa taarifa ya kiwanja: tarehe ya kutembelea, picha, mchoro wa mteremko na njia ya maji, saini ya aliyekwenda. Ipange bei ndogo ya ziara hiyo kwa nyumba za kawaida, ijulikane na kila mtu, ibandikwe ukutani pale halmashauri. Wanachama wa kanda wapeane zamu. Vijana walio kwenye mafunzo waende nao, ili daftari lao liandikwe yale waliyoyaona kwa macho. Na mwanachama atakayebainika kusaini ziara ambayo hakuifanya, chama chenyewe kimpeleke mbele ya Bodi, kisingoje mwandishi wa habari au kifusi.

Mpango huo sijausikia kwa mgombea yeyote. Ningependa kuusikia, hata ukiwa umeboreshwa au umepingwa kwa hoja. Kwa msomaji ambaye si mbunifu nina ombi dogo: kama una ramani yenye muhuri nyumbani kwako, itoe, soma jina lililo pale, mpigie mwenye jina hilo simu, umuulize kiwanja chako kinateremkia upande gani.

Nami, ingawa sigombei, nimeiandika orodha yangu na kuibandika ukutani ofisini, pembeni ya leseni. Ina safu za mradi, mtaa, tarehe ya muhuri na tarehe za kwenda saiti. Wateja wameanza kuisoma wakisubiri zamu yao, na wengine wananiuliza maswali magumu kuhusu mapengo wanayoyaona kati ya tarehe moja na nyingine. Nawajibu. Mgombea atakayenitumia ya kwake kabla ya siku ya kura nitaisoma mstari kwa mstari, na ile miradi iliyo Mwanza nitakwenda kuitazama.