Usinunue mradi wa Kompyuta

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu nilikuwa nyumbani Isiolo. Huko mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, aliniuliza: "Mjomba, mwakani nitanunua wapi mradi wa Kompyuta?" Hakuuliza ataufanyaje, aliuliza atanunua wapi. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hata mimi wangu niliununua.

Kwa wasiolijua somo hili: Kompyuta ni somo la hiari katika KCSE, nambari 451, na lina karatasi tatu. Ya kwanza ni nadharia. Ya pili ni vitendo mbele ya mashine. Ya tatu ni mradi, ambapo mwanafunzi wa kidato cha nne anaelezwa shida ya shirika fulani, halafu kwa miezi kadhaa anatengeneza mfumo wa kuitatua na kuandika maelezo yake. Hapo ndipo yale ya kidato cha tatu, yaani misingi ya kuandika programu na hatua za kuunda mfumo, yanapofanyiwa kazi.

Sasa sikilizeni. Swali la mradi ni moja nchi nzima. Mtu mmoja akilijibu kwa Microsoft Access, faili yake inazunguka kutoka saiba hadi saiba ndani ya flashi. Unabadilisha jina na nambari ya mtihani, unachapisha, umemaliza. Ndivyo nilivyofanya.

Deni nililipa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Mhadhiri aliangalia zoezi langu akaniuliza kwa nini nimeweka wateja na bidhaa katika jedwali moja. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewahi kuwasilisha mfumo mzima bila kuamua hata jambo moja ndani yake.

Najua mtasema kompyuta shuleni ni chache, stima inapotea, na mwalimu ni mmoja. Ni kweli. Lakini sehemu ngumu ya mradi haihitaji kompyuta, inahitaji kalamu na mtu wa kumuuliza maswali. Kwa hiyo nilimpeleka mpwa wangu kwa mama mmoja jirani anayepokea maziwa ya ngamia. Anayeijua Isiolo anaijua biashara hii: maziwa yanatoka kwa wafugaji, yanakusanywa mjini, kisha yanapanda basi kwenda Nairobi, hasa Eastleigh. Hesabu zote za mama huyu ziko katika daftari moja.

Kijana alichora jedwali la kwanza, akaweka jina la mfugaji kuwa ufunguo msingi. Mama akamwambia ana akina Halima watatu. Basi jina halifai. Akaweka nambari ya simu. Mama akasema wawili kati yao wanatumia simu moja. Mwishowe akampa kila mfugaji nambari yake. Kisha akagundua kuwa mfugaji mmoja huleta maziwa siku nyingi, kwa hiyo mapokezi yanataka jedwali lake, lenye tarehe na lita. Na maziwa yaliyochacha yakakataliwa? Hayalipwi, lakini lazima yaandikwe, la sivyo mwisho wa mwezi kuna ugomvi.

Saa moja tu, bila kompyuta, na kijana alikuwa ameelewa uhusiano wa mmoja kwa wengi kuliko mimi nilivyouelewa kwa miaka miwili. Mwakani swali la mtihani litahusu kitu kingine, lakini atajua pa kuanzia.

Maoni yangu ni haya. Walimu, kabla ya kutoa alama, mkalishe mwanafunzi dakika kumi mwambie aongeze safu moja katika jedwali lake au abadilishe ripoti moja. Aliyeutengeneza ataweza. Aliyenunua ataomba ruhusa ya kwenda msalani. Wazazi, mtoto akiomba pesa za mradi, muulize ni za nini hasa. Karatasi na wino sawa, lakini mradi wenyewe hapana.

Na nyinyi mnaotaka digrii ya sayansi ya kompyuta, msiache Fizikia kwa ajili ya Kompyuta. Vyuo vyetu huangalia kwanza Hisabati na Fizikia, na wengi huingia bila kulisoma somo hili kabisa. Faida ya Kompyuta shuleni ni kupata nafasi ya kujenga kitu, kukosea na kurekebisha mapema. Ukinunua mradi, umetupa faida hiyo na kubaki na alama tu.

Mpwa wangu yumo katika kundi la mwisho la 8-4-4, lililofanya KCPE mwaka 2023 na litakalofanya KCSE mwaka 2027. Nyuma yao wako wa Gredi ya 10 walioingia shule za upili za juu Januari 2026, na Kompyuta ni mojawapo ya masomo wanayoweza kuchagua. Mtaala ni mpya, ila saiba ni zilezile na flashi ni zilezile. Tusipowafundisha hawa kutengeneza vitu vyao wenyewe, nao watauliza vinauzwa wapi.

Nyinyi mliolisoma somo hili, mradi wenu mliufanya wenyewe? Semeni ukweli, mimi nimeshasema wangu.