Ziba Ufa, Usizibe Dirisha

Ukifungua boneti ya gari la zamani hapa mjini, hasa lile ambalo limekwisha kubadilishwa injini mara moja au mbili, yamkini utakutana na kioja. Utaona kijiti, au bolti iliyoviringishwa kitambaa, au donge la gundi nyekundu, limeshindiliwa katika bomba la alumini lililo ubavuni mwa injini. Hapo palikuwa na tundu. Fundi hakujua lilikuwa la kazi gani, akaliziba kwa alichokuwa nacho mkononi. Juma hili tulizungumzie tundu hilo, kwa kuwa ni dogo lakini hula petroli ya baba na pesa za karo.

Bomba lenyewe huitwa manifoldi ya hewa. Katika magari ya kabureta, kazi yake ni kugawia silinda mchanganyiko wa hewa na petroli. Pistoni zinaposhuka, humo ndani hufyonza kwa nguvu kama mtoto anavyofyonza soda kwa mrija. Watengenezaji waliona nguvu hiyo isipotee bure, wakatoboa matundu kadhaa ili ifanye kazi nyingine. Moja husaidia breki. Jingine huvuta mvuke wa oili kutoka tumbo la injini. Na katika magari mengi lipo la tatu, ambalo hurudisha ndani sehemu ya moshi uliokwisha kuchomwa.

Kurudisha moshi? Ndiyo. Kisa chake kinaanzia Los Angeles, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliokuwa ukiwachoma macho wakazi wa jiji hilo ulitokana na moshi wa magari na viwanda ukipigwa na jua. Mojawapo ya gesi zilizohusika ni oksidi za naitrojeni, ambazo huzalika kwa wingi joto la ndani ya silinda linapopanda mno. Wahandisi wakagundua kwamba moshi kidogo ukirudishwa ndani, moto hupoa kiasi na gesi hizo hupungua. Kufikia 1973, vali ya kurudisha moshi ilikuwa imeenea katika magari mapya ya Marekani. Japani nayo ilikaza sheria zake mwaka wa 1978.

Sasa, kiwanda hakipendi kutengeneza manifoldi tofauti kwa kila nchi. Aghalabu hutengeneza ya aina moja, na gari likienda mahali pasipo na sheria hiyo, tundu huzibwa huko huko kiwandani kwa kizibo cha chuma. Kwa upande mwingine, mwenye gari kuukuu huenda Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wengi wetu tungali twaiita Grogan, akanunua manifoldi iliyong'olewa katika gari jingine. Inaingia sawasawa, ila ina tundu moja zaidi, na gari lake halina vali wala bomba la kuunganisha hapo. Hilo ndilo tundu lisilo na kazi, na hilo lazima lizibwe.

Likiachwa wazi au likizibwa ovyo, hewa ya wizi huingia. Injini ya petroli huchoma vizuri ikipata kiasi cha kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Hewa ikizidi, injini hutetemeka gari likiwa limesimama, hukohoa ukikanyaga mafuta, na asubuhi hugoma kuwaka. Plagi hugeuka nyeupe na vali zinaweza kuungua. Mwenye gari asiyejua chanzo humwambia fundi afungulie petroli zaidi katika kabureta. Gari litatulia, lakini utalipia petroli kila siku kwa ajili ya tundu linaloweza kuzibwa kwa bei ya kizibo kimoja.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Naam, lakini mwenye kuziba ufa na aangalie asizibe dirisha. Kabla fundi hajagusa tundu lolote, muulize: "Hili lilikuwa linakwenda wapi?" Akikosa jibu, asizibe. Akifunga mpira unaokwenda kwenye kisaidizi cha breki, kikanyagio kitakuwa kigumu kama jiwe, na gari lililobeba watoto halitasimama pale ulipotarajia. Akiziba njia ya mvuke wa oili, shinikizo litapanda ndani ya injini na oili itaanza kuvuja kila upande. Na ikiwa gari lako lina vali ya kurudisha moshi iliyo kamili, kuifunga ati kwa sababu imejaa masizi ni makosa. Isafishwe au ibadilishwe. Ukiifunga, injini inaweza kuanza kugongagonga, na moshi wake utakuwa mkali zaidi kwa vifua vya wanaosimama kituoni, hasa wenye pumu. Nchini Kenya, kanuni za ubora wa hewa za mwaka wa 2014 ziligusa pia moshi wa magari.

Ikiwa umehakikisha kwamba tundu halina kazi, zibo lake hutegemea umbo lake. Kwanza injini ipoe kabisa, na waya wa betri ufunguliwe.

Tundu lenye nyuzi za bolti hutaka kizibo cha chuma chenye nyuzi za kipimo kile kile. Kikilazimishwa kisicholingana, alumini itachanika, kwa kuwa ni laini kuliko chuma. Safisha nyuzi, paka dawa ya kuzibia isiyoyeyushwa na petroli, kisha kaza kwa kiasi. Ikiwa ni lazima kukata nyuzi mpya, afadhali manifoldi ing'olewe, maana unga wa chuma ukiingia katika silinda utaikwaruza.

Tundu bapa lenye bolti mbili huzibwa kwa bamba. Bamba la milimita tatu, lililonyooshwa kwa tupa, hutosha. Weka gasketi katikati, na ukaze bolti kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, ili bamba lisipinde.

Kichuchu kidogo cha kuchomekea mpira hufunikwa kwa kofia ya mpira na kubanwa kwa kibanio. Ikague kila gari linapobadilishwa oili, kwani joto huipasua.

Usitumie kijiti wala kitambaa, na usitegemee gundi ya silikoni peke yake. Petroli huilainisha, ikamomonyoka na kufyonzwa ndani.

Jambo la mwisho husahaulika sana. Njia ya moshi ina ncha mbili. Ukiziba upande wa manifoldi ya hewa na ncha ya pili ingali wazi kwenye bomba la moshi, gesi itatoka chini ya boneti na huenda ikapenya hadi walipokaa abiria. Humo mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Ncha hiyo izibwe kwa bamba la chuma na gasketi ya kustahimili moto. Mpira hauna nafasi hapo.

Kazi ikiisha, washa injini na unyunyize maji ya sabuni kidogo kandokando ya kizibo, mbali na waya za plagi. Mlio ukibadilika, au maji yakifyonzwa, bado pana upenyo. Wapo mafundi wanaopima kwa kunyunyiza petroli. Wakataze, kwa maana cheche moja yatosha kuliteketeza gari. Kisha kabureta irekebishwe upya, kwa kuwa ilikuwa imezoea hewa ya wizi.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, Jumapili hii mwombe mzazi akufungulie boneti. Shika mpira mmoja mmoja kwa macho na uufuate hadi mwisho wake. Siku fundi atakapotaka kuziba kitu, nyumbani kwenu atakuwapo mtu wa kumuuliza swali.

Hadi juma lijalo, endesha polepole.