MCHANGO WA BARABARA: MPANGAJI NAYE AHESABIWE

Ndugu wafanyakazi,

Sisi tunaoishi Mahoko tunaijua thamani ya barabara. Alfajiri tunatoka kwenda kuchuma chai Pfunda au kupanda gari la kwenda viwandani Gisenyi, na jioni ya mvua tunarudi na tope hadi magotini. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika ukaingia majumbani. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba wafanyakazi wanapinga maendeleo. Barabara za mitaa zenye mitaro imara tunazitaka. Tunalouliza ni hili: nani atalipa, na kwa kipimo gani?

Kigali imeanzisha mpango wa kugawana gharama za barabara za mitaa: jiji hutoa asilimia 70, wakazi asilimia 30. Mpango huo una faida yake, kwa kuwa mtaa haungoji miaka na miaka. Lakini siku Njyanama ya Wilaya ya Rubavu itakapokaa kuamua jambo la namna hiyo kwa Mahoko, isitukute tumelala.

Mchango huandikiwa mwenye nyumba. Je, pesa hutoka mfukoni mwa nani? Tufanye hesabu ya mfano. Mwenye nyumba ana vyumba sita vya kupangisha, naye ametakiwa kutoa faranga 180,000. Anaongeza kodi faranga 2,500 kwa kila chumba kwa mwezi. Baada ya miezi kumi na miwili amezirudisha zote. Mwaka wa pili kodi haishuki. Barabara imekwisha kulipwa, na sisi bado tunailipa, kila mwaka faranga 180,000 nyingine. Katika daftari la wilaya limeandikwa jina lake. Jina la mpangaji halimo.

Hatumchukii mwenye nyumba. Wengine ni wajane na wazee wenye kibanda kimoja wanachoishi wenyewe. Hao nao wataonewa ikiwa kila mlango utatozwa sawa na duka la ghorofa. Sheria ya kodi ya majengo inajua tofauti hiyo: nyumba moja anayoishi mwenyewe husamehewa. Kodi ya ardhi nayo hutozwa kwa mita ya mraba. Sheria ya 2018 iliruhusu hadi faranga 300 kwa mita. Wananchi wakalalamika, na sheria ya 2023 ikashusha kikomo hadi faranga 80. Basi kilio cha wananchi kikisikika, kiwango hushuka. Ikiwa kodi ya ardhi inapimwa, kwa nini mchango wa barabara ukadiriwe kwa macho?

Sisi tunadai mambo manne.

Kwanza, mchango upimwe kwa ukubwa wa kiwanja na matumizi yake. Wafanyabiashara ambao malori yao ya viazi, karoti na vitunguu yanachimba mitaa yetu watoe zaidi.

Pili, bei ya mkandarasi na makusanyo yote yabandikwe mahali pa wazi, kila mtu asome.

Tatu, nyongeza ya kodi ya nyumba kwa ajili ya barabara iandikwe kwenye mkataba pamoja na mwezi wa kukoma.

Nne, kazi ya mikono yetu ihesabiwe. Anayechimba mtaro naye amechanga.

Ndugu, madai haya hayatafika yenyewe. Mikutano ya wananchi ipo katika kila kijiji, lakini wapangaji wengi hatuendi. Tunasema hayo ni mambo ya wenye viwanja. Hilo ni kosa letu wenyewe. Mkutano ujao twende, tuketi mbele, tuulize kwa adabu na kwa hesabu mkononi. Anayelipa ana haki ya kuuliza.