Nasaha si Tiba

Imani iliyoenea Kisangani, kuanzia Makiso hadi Mangobo na ng'ambo ya mto huko Lubunga, ni kwamba mwanamke aliyetekwa na dawa za kulevya anahitaji maombi na ukali tu, na kwamba kumketisha mbele ya mwanasaikolojia ni anasa ya Wazungu, kwa sababu maneno hayaponyi. Huyasema hayo pasta katika chumba cha maombi, huyasema shangazi mbele ya ukoo, na la kusikitisha zaidi, huyasema hata baadhi ya wauguzi, ambao humtazama mgonjwa wa namna hiyo na kuuliza achomwe sindano gani. Imani hiyo ni potofu, na wanaoteseka kwa sababu yake ni wagonjwa wenyewe.

Swali la sindano lingekuwa na maana kama dawa zote za kulevya zingekuwa za jinsi moja. Mraibu wa heroini anaweza kupewa methadoni, kama inavyofanyika katika hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam tangu 2011, kwa sababu methadoni hukalia mahali palepale ubongoni panapokaliwa na heroini. Vichangamshi ni jambo jingine. Hizo ni dawa zinazoufukuza usingizi, njaa na uchovu, kama vile kokeini, amfetamini na methamfetamini, na kwa nguvu ndogo zaidi majani ya miraa ambayo Waganda huyaita mairungi. Nazo huufurikisha ubongo kwa dopamini, kemikali inayomfundisha binadamu kwamba jambo fulani linafaa kurudiwa. Kwa uraibu wa vichangamshi hakuna kidonge kilichoidhinishwa na mamlaka za dawa za Marekani wala za Ulaya. Tiba iliyothibitishwa kwa utafiti ni ya kisaikolojia, na anayeikataa kwa kuwa "si dawa" humnyima mgonjwa tiba yenyewe.

Sehemu ya lawama inaiangukia lugha. Tiba hii huitwa mara nyingi ushauri nasaha, na neno nasaha humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye maonyo ya wazee: acha, jiheshimu, kumbuka watoto wako. Mwanamke mraibu ameshayasikia maonyo hayo hata yamemkinaisha, na kama yangeponya angekuwa amepona zamani. Katika tiba ya fikra na mwenendo, mojawapo ya tiba hizo za kisaikolojia, mtaalamu haonyi, bali huuliza. Pamoja na mgonjwa hutafuta ni saa ngapi hamu hupanda, ni mtaa gani, ni rafiki gani, ni ugomvi gani nyumbani uliotangulia, kisha wawili hao hufanya mazoezi, tena na tena, ya namna ya kukataa, ya kuchelewesha, ya kupita njia nyingine. Hiyo ni kazi yenye ratiba na vipimo, inayohitaji ujuzi kama ushonaji au ukunga.

Njia iliyotoa matokeo yenye nguvu zaidi ndiyo inayowakasirisha watu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Stephen Higgins na wenzake katika Chuo Kikuu cha Vermont waliwapa waraibu wa kokeini vocha kila kipimo cha mkojo kilipoonesha hawajatumia. Thamani ya vocha ilipanda kadiri siku safi zilivyofuatana, na ilirudi chini mgonjwa alipoanguka. Idara ya Marekani inayowahudumia wanajeshi wastaafu imekuwa ikiitumia njia hiyo tangu 2011. Wapinzani husema kwamba huko ni kumlipa mtu ili aache uovu. Hawaoni kwamba ubongo uliozoea malipo ya papo hapo hauvutwi na ahadi ya mbali ya maisha mema, na kwamba sabuni, kitenge au mchango wa minervali, yaani ada ya shule, ya mtoto wa sekondari, vikitolewa leo kwa ushindi wa leo, vinasema nao kwa lugha unayoielewa. Familia inayomlipa mganga mbuzi haina haki ya kuona aibu juu ya kitenge.

Ni lazima pia isemwe waziwazi kwamba baadhi ya yanayofanywa kwa jina la uponyaji hudhuru. Anayeacha vichangamshi hulala kupita kiasi, huwa na njaa kali, na huweza kuzama katika huzuni inayomfikisha kwenye mawazo ya kujiua. Kumfungia mtu wa hali hiyo, kumfungisha chakula siku kadhaa, kumkesheza usiku kucha na kumwambia kwamba ndani yake mna ndoki, yaani uchawi, ni kumnyima usingizi na chakula wakati mwili unavidai, na kumwongezea aibu juu ya huzuni. Maombi yenyewe hayana ubaya, na mwanamke anayeombewa na kanisa lake huku akihudhuria tiba ana wenzake wa kumshika mkono. Kosa limo katika kuyafanya maombi yawe badala ya tiba.

Kwa wanawake kuna tabaka jingine. Wengi wanaofika kwenye matibabu wamewahi kupigwa au kubakwa, na mara nyingi aliyewaletea dawa ni mwanamume waliyelala naye kitanda kimoja. Desturi ya zamani ilisema mwanamke aache dawa kwanza, majeraha ya moyo yasubiri. Mwanasaikolojia Lisa Najavits aliyapinga hayo na kuandaa tiba inayoshughulikia yote mawili pamoja, kwa kuwa anayetumia dawa ili asikumbuke hawezi kuziacha huku kumbukumbu zikimwinda. Anayedhani mambo haya hayawezekani Kongo na autazame utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Judith Bass na wenzake, uliofanyika mashariki mwa nchi hii kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Walioendesha vikao vya tiba ya kikundi walikuwa wasaidizi wa Kikongo wenye angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi, na zana zilirahisishwa ili wasiojua kusoma wazikariri. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya waliohudhuria walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, ikilinganishwa na asilimia 42 ya waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Utafiti ule haukuhusu uraibu, lakini unaivunja kabisa hoja kwamba mwanamke wa Kongo haponi kwa maneno.

Kisangani hasa haina udhuru. Vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa mwaka 1971, masomo ya saikolojia na ualimu yaliwekwa katika jiji hili, na hadi leo Chuo Kikuu cha Kisangani kina kitivo chake cha saikolojia. Fedha nazo si ndoto: Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325, ambapo milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu, na jiji hili, lililopigwa makombora kwa siku sita mwezi Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani yake, linajua madhara hayo ni yapi. Kinachodaiwa ni chumba katika kila komini ya jiji, chenye mwanasaikolojia mwanamke anayesema Kiswahili na Lingala, vipimo vya mkojo, mkeka wa watoto ili mama asibaki nyumbani kwa kukosa wa kuwaachia, na njia ya kuingilia isiyopita mbele ya kituo cha polisi.