Kukoka Moto Ugenini

Mwezi uliopita tulitoka mandari na baadhi ya familia zetu hapa Uingereza. Kijana mmoja, baada ya kumaliza nusu ya kibiriti bila ya mafanikio, alichukua kopo la petroli akaimimina juu ya kuni zilizokuwa zikifuka moshi. Ndimi za moto zikamrukia usoni. Alhamdulillahi, ziliungua nyusi tu.

Kosa si lake peke yake. Sisi wazee tuliokulia kwenye mafiga matatu hatukumfundisha. Kwetu pwani, karara kavu, makumbi ya nazi na vifuu vilitutosha; hapa hakuna mnazi, na mvua haiishi. Hata hivyo, vya kuwashia moto vipo.

Tusiokote vijiti vilivyolala chini, kwani vimekwisha kunywa maji. Tutafute vitawi vilivyokufa ambavyo bado vimening'inia mtini. Kitawi kikivunjika kwa mlio ni kikavu, kikipinda, tukiache. Mti ambao Waingereza huuita birch una gome jeupe libandukalo kama karatasi, lenye mafuta, nalo huwaka hata likiwa na unyevu. (Tulibandue kwenye mti ulioanguka tu, ulio hai tuuache na ngozi yake.) Vipande vya msonobari vyenye utomvu navyo havina mfano. Na ikiwa kila kitu kimelowa, tupasue ukuni mnene: moyo wake aghalabu huwa mkavu.

Kupanga ndiko wengi wanakokosea. Kwanza tutandike vijiti viwe mkeka, moto usilale juu ya udongo wa majimaji. Tuweke gome lililochanwachanwa, kisha tuegemeze vitawi vyembamba kama njiti za kibiriti, mithili ya paa la msonge. Vifuatie vya unene wa kalamu, halafu vya kidole gumba. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, lakini hawakusema tuzishindilie: moto nao wahitaji hewa. Tuache mlango upande utokako upepo, tuwashie hapo, ili mwali usukumwe ndani. Kuni nene zingoje mpaka vitawi vishike barabara.

Ruhusa ya mwenye ardhi iombwe mapema, na ndoo ya maji iwe karibu. Kijana wetu ameahidi kukoka moto wa mandari ijayo. Nyusi zimeanza kuota.