Mwache Shosho Aende Ngumbaru
Mwaka wa 2004 Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na miaka 84. Alitaka kujisomea Biblia, aone kama mhubiri anafundisha kweli. Mchungaji anayeogopa mzee wa namna hiyo ana shida. Hata Paulo, watu wa Beroya walimpima kwa Maandiko kila siku.

Lakini wewe, shosho akitaja ngumbaru, unacheka: "Shule ya nini tena?" Meseji zake unamsomea wewe, namba ya siri ya M-Pesa unaijua wewe. Mnunulie miwani na daftari, umpeleke. Na akipata swali juu ya mahubiri yangu, alilete Jumapili.