Rimu Mpya, Ufa Mbele: Hiyo 504 ya Babu Haihitaji Stika

Simama mjini Kakamega Jumamosi mchana na hutakosa kuiona moja. Peugeot 504, rangi imepigwa upya, rimu zinametameta, spika zinatingisha madirisha ya duka la jirani. Kisha tupa jicho mbele. Ufa umeanzia pembeni, upande wa dereva, umepanda hadi karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na mwenyewe amebandika stika pana kuuficha. Wasee, hapo mimi nakataa.

Sipingi watu kufufua magari ya wazee. Kwanza ni jambo la kujivunia. 504 ilitoka Ufaransa mwaka wa 1968, mwaka uliofuata ikatajwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya, na huku kwetu ikatwaa Safari Rally mara mbili: 1975 na Ove Andersson, 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Ziliunganishwa hapa hapa, Mombasa. Waulize wazazi wako watakwambia jinsi "Pijoti" ya viti vya safu tatu ilivyokuwa ndiyo njia ya kufika Nairobi, abiria wamebanana, kuku na ndizi juu ya keria. Leo nyingi zimelala nyuma ya nyumba huko Shinyalu na Malava, kuku wale wale sasa wanataga ndani. Kijana akiamua kuiosha na kuiwasha tena, hongera zake.

Ninachouliza ni kwa nini kioo huwa cha mwisho kwenye orodha ya matumizi. Rimu kwanza, muziki pili, viti vya ngozi tatu, halafu kioo ni "tutaona." Ukimkumbusha anakujibu, "Hiyo imekuwa hivyo tangu mwaka jana na haijaanguka."

Kweli haijaanguka, na iko sababu. Kioo kinachopata ufa mrefu na kubaki mahali pake ni kile cha tabaka mbili, katikati kumewekwa utando wa plastiki. Utando ndio unaoshika vipande. Aina ya pili, ile iliyokazwa kwa joto, haina ufa wa kukaa nao: ikipigwa vizuri inakuwa punje kama chumvi ya mawe, mara moja, na wewe uko kwa mwendo wa themanini hujui barabara iko wapi. Magari kadhaa ya zamani yalitoka kiwandani na aina hiyo ya pili. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kujua gari lako lina kipi. Angalia maandishi madogo kwenye kona ya kioo, au muulize fundi anayejua kazi.

Na ufa haukai ulivyo. Hapa Kakamega jua linachoma asubuhi hadi dashibodi haishikiki, ikifika saa tisa mvua baridi inamwagika juu ya kioo hicho hicho. Kioo kinatanuka, kinasinyaa. Ongeza matuta, ongeza mashimo, ongeza matrekta ya miwa ya kwenda Kabras yanayorusha changarawe nyuma yake. Alama ya Jumatatu iliyokuwa kama punje ya mtama inaweza kuwa mstari wa futi nzima kufikia Ijumaa. Usiku ndio mbaya zaidi: taa za lori linalokuja zinagonga ule ufa, mwanga unatawanyika kioo kizima, na mwenye boda asiye na taa anapotelea humo. Huyo mwenye boda ndiye ninayemfikiria, kuliko hata wewe uliye ndani.

Uingereza wameweka kipimo kabisa. Kwenye ukaguzi wa kila mwaka, mbele ya dereva panahesabiwa upana wa milimita 290, na dosari ya zaidi ya milimita 10 ndani ya hapo inaangusha gari. Kwingineko kunakofikiwa na waipa, mwisho ni milimita 40. Si lazima tungoje mtu atuwekee rula. Ukiwa umekaa kwa usukani na ufa unakatiza pale unapotazamia barabara, kioo ni cha kubadilisha, basi.

Kikiwa ni kidonda kidogo tu, pembeni, bado kinatibika. Fundi anafyonza hewa, anaingiza gundi maalum ya majimaji, anaikausha kwa taa ya miale. Alama haifutiki yote ila ufa husimama. Sharti ni kuwahi kabla ya vumbi na maji kuingia. Hadi ufike kwake bandika selotepu safi juu, na tafadhali, acha hiyo supagluu. Ikishakauka ndani, gundi ya fundi haina pa kupita.

Sasa, habari njema ambayo wenye magari mapya hawana. Kioo cha gari la kisasa kimegandishwa kwenye bodi. Cha 504, kama magari mengi ya rika lake, kimekaa ndani ya mpira. Watu wawili, kamba na maji ya sabuni, kazi imekwisha: kamba inazungushwa ndani ya mfereji wa mpira, mmoja anasukuma kutoka nje, mwingine anavuta kamba kutoka ndani, na mdomo wa mpira unajikunja mahali pake. Wazee wa jua kali wanaifanya wakipiga stori. Wenye Land Rover za zamani mna bahati kuliko sisi wote, maana vioo vyenu ni bapa na duka la vioo linaweza kukata cha tabaka mbili kwa kipimo. Chetu kimepinda. Lazima kitafutwe Kirinyaga Road jijini Nairobi, au kitolewe kwa gari lililokufa, na kisafirishwe kikiwa kimesimama wima, si kulazwa chini ya magunia.

Kitafutwe mapema pia. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia, kwa hiyo usitarajie 504 nyingine zije na meli kama Vitz. Hizi tulizo nazo ndizo hizo. Na bima yako ikiwa ni ile ya mtu wa tatu tu, kama ilivyo kwa magari mengi makuukuu, usiwapigie simu kuhusu kioo. Hiyo doo ni yako.

Kioo kikishatoka, usikubali kipya kirudishwe siku hiyo hiyo kabla hujachungulia chini ya mpira. Huko ndiko kutu hujificha miaka thelathini. Kutu ikiachwa, fremu haikai sawa, maji yanaingia, na kioo kipya kinaweza kupasuka chenyewe kwa kubanwa upande mmoja. Ipigwe msasa, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, mpira mpya ununuliwe. Ule wa zamani umekauka kama ngozi ya ngoma. Vijana mnaosomea magari pale Sigalagala, nendeni mkae na hao wazee wa kamba na sabuni kabla hawajafunga vibanda vyao.

Halafu kabla hujalipa, mwambie fundi amwage ndoo mbili za maji juu ya kioo wewe ukiwa ndani, umeinama chini ya dashibodi na tochi mkononi.